Mke wa Msasa na Mota Isiyozunguka

Mota aliyoiomba Mwalimu ilikuwa ya kukaa kiganjani. Aliyoletewa na mumewe ilibidi sahani zisogezwe pembeni ndipo ipate nafasi mezani.

"Ndiyo nini hii?" akauliza.

"Si ulisema unataka mota ya kuonyesha wanafunzi? Mota hiyo."

Mwalimu akaitazama. Ubao umepigwa randa na kupakwa vanishi mpaka unang'aa. Vishikio vya chuma vimekazwa kwa nati. Waya ni mnene, ule wa pampu za visima, na mizunguko yake imelala mmoja kando ya mwenzake kama nywele zilizosukwa na msusi asiye na haraka. Ilikuwa nzuri, huwezi kubisha. Akaunganisha betri ndogo ya redio. Koili, ule mviringo wa waya, haikutikisika. Ilikaa pale kama mgeni aliyeshiba.

"Hiyo betri yako haina nguvu," mumewe akasema.

"Shuleni hakuna nyingine, baba watoto. Ni hii hii."

"Basi hilo ni tatizo la shule yenu. Mota haina tatizo."

Akaenda zake kunawa. Mwalimu akabaki na sahani zake pembeni na lile dubwana katikati ya meza, akajiambia kosa ni lake. Kwa nini alimwomba Msasa kitu kidogo? Msasa hajui kitu kidogo.

Mtaa mzima walimwita Msasa, na hata mkewe akikasirika alimwita hivyo. Alikuwa fundi wa kusuka mota zilizoungua. Karakana yake ilikuwa mwisho wa barabara, mlango wa bati, ndani feni, pampu na mashine za kusagia zimepangana kama wagonjwa kwenye benchi la hospitali. Kazi yenyewe ni hivi: unatoa waya uliokufa, unasuka mpya. Sasa ule waya wa shaba wa koili huja umepakwa vanishi ngumu toka kiwandani, ili mizunguko isigusane umeme ukapita njia za mkato. Kwa hiyo ukifika mwishoni, pale unapounganisha, lazima ukwangue ile vanishi mpaka shaba ionekane. Fundi mwingine anapitisha wembe mara moja, biashara imeisha. Msasa anapitisha kisu, halafu msasa mkali, halafu msasa laini, anafuta kwa kitambaa, anatoka nje kuangalia kwenye jua, anarudi, anaanza upya.

Na alikuwa na sababu. Alipokuwa kijana anajifunza kazi, aliunganisha pampu ya zahanati na ncha moja akaiacha na vanishi kidogo kwa chini. Pampu ikawaka siku hiyo hiyo, moshi ukatoka dirishani, wagonjwa wakatolewa nje na mashuka yao. Tangu hapo wenzake wakamwita Kaunguza. Aliitwa Kaunguza sokoni, akaitwa Kaunguza kwenye posa yake mwenyewe, mbele ya wakwe. Jina hilo lilikuja kumtoka polepole, kwa kukwangua ncha za waya mpaka watu wenyewe wakachoka wakambadilishia. Kwa hiyo ukimwambia Msasa aache ncha ikiwa chafu, ni kama umemwambia atoke barabarani bila suruali.

Mwalimu aliyajua yote haya. Kuyajua hakumsaidii mtu anayeishi nayo. Msasa alikwangua kingo za milango. Alikwangua vijiko. Alikwangua sufuria mpaka zikawa nyepesi, ukiweka maharage yanaungua upande mmoja. Wifi yake, dada wa Msasa aliyeishi nao akishona nguo barazani, alikuwa na jibu moja kila Mwalimu akilalamika: "Wifi, shukuru Mungu. Huyo kaka yangu mlango ukigoma tu anaukwangua. Siku wewe ukigoma sijui."

Sasa Mwalimu mwenyewe. Miaka yote alifundisha madarasa ya chini, nyimbo na kazi za mikono. Mwalimu wa sayansi alipohama, mwalimu mkuu akatafuta wa kushikilia somo, na Mwalimu akanyoosha mkono kabla hajajua anafanya nini. Alipokuwa mwanafunzi, mota aliiona ubaoni tu. Mwalimu wao alichora duara, akachora mshale unaozunguka duara, akasema nakilini. Wakanakili. Aliulizwa kwenye mtihani akachora ule mshale, akapewa alama zote, na mpaka anaolewa na fundi wa mota alikuwa bado hajui ni nini hasa kinachozungusha. Hilo lilimkera kuliko kufeli. Alipopewa darasa la sayansi aliapa watoto wa watu wataona kitu kikizunguka kwa macho yao.

Kushikilia somo si kupewa. Mwalimu mkuu alimweleza akiwa anatafuta funguo zake, hata hakumtazama.

"Mkaguzi anakuja Alhamisi kukaa darasani kwako. Akiridhika, sayansi inakuwa yako. Asiporidhika, kuna kijana ametoka chuo anasubiri nafasi. Wewe unarudi kwa watoto wadogo, ukaimbe. Umeziona funguo zangu?"

"Ziko mlangoni, Mwalimu Mkuu."

Ndiyo hali ilivyokuwa.

Baada ya lile dubwana la mezani, Mwalimu akaamua afanye mwenyewe. Alichukua waya mwembamba karakanani, akauzungusha kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, akautoa ukiwa kijiduara, ncha mbili zimejitokeza kama mikono ya mtu anayezuia watu wasigombane. Pini mbili za kubania nguo akazifunga kwa mpira huku na huku mwa betri, zikawa vishikio. Sumaku akaing'oa kwenye spika iliyokufa. Akakwangua ncha zote mbili, kama alivyomwona mumewe akifanya, akapachika.

Koili ikaruka, ikarudi, ikaruka, ikarudi, ikatulia. Akaigusa tena. Ikafanya vile vile.

Alihangaika nayo mpaka akapata akili ya kufungua kitabu cha mwalimu, ambacho alipaswa kukifungua mwanzo. Kitabu kilisema ncha moja ikwanguliwe yote, ncha ya pili ikwanguliwe upande mmoja tu, upande wa pili vanishi ibaki. Akasoma, akakaa, akafikiri, halafu akaelewa, akacheka peke yake. Ni sawa na kumsukuma mtoto kwenye bembea. Unasukuma akiwa anakwenda, unatoa mkono akiwa anarudi. Ukisukuma muda wote, unamzuia mwenyewe. Ule upande wenye vanishi ndio mkono unapotolewa: umeme unakatika, koili inamalizia mzunguko kwa kasi yake, umeme unarudi kuisukuma tena.

Akatengeneza koili nyingine. Akaigusa kwa kidole. Ikaenda.

Ilizunguka ikilia kama nzi aliyenaswa kwenye chupa. Mwalimu akaweka mikono magotini akaiangalia tu. Wifi yake akaingia na kitambaa begani.

"Inakwenda wapi hiyo?"

"Haiendi popote, wifi. Inazunguka tu."

"Eh. Basi tuko wawili."

Jioni Msasa akarudi. Mwalimu akamwonyesha, na kusema kweli alikuwa anaringa kidogo. Msasa akainama, akaitazama ikizunguka, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu akaisimamisha kwa kidole, akaichomoa, akaipeleka karibu na macho.

"Nani kakwangua hivi?"

"Mimi."

"Umeacha upande mmoja."

"Ndivyo inavyotakiwa."

"Mama watoto, upande mmoja haujakwanguliwa."

"Ninajua, baba watoto. Nimeuacha."

Akamweleza habari ya bembea, polepole, kama anavyoeleza darasani. Msasa alisikiliza. Hakuwa mjinga hata kidogo. Akasema ni kama zile mota zenye brashi, umeme unapokelewa na kuachwa, amekwishazisuka nyingi. Akasema nimeelewa. Mwalimu akaenda kupakua chakula na moyo wake umetulia.

Aliporudi na bakuli, Msasa alikuwa na koili mkononi na kipande cha msasa laini katikati ya vidole, anasugua, huku anaangalia taarifa ya habari.

"Unafanya nini?"

Msasa akaangalia mkono wake kama mkono wa mtu mwingine.

"Nilikuwa naiweka sawa kidogo."

"Umeelewa nilichokwambia au hukuelewa?"

"Nimeelewa."

"Sasa mbona umekwangua?"

"Sijui bwana. Imeshakwanguka."

Wifi, aliyepakuliwa mwanzo, akameza tonge lake, akasema, "Mimi nimelelewa naye huyu. Mtanilaumu bure."

Mwalimu akatengeneza nyingine. Hiyo aliiweka juu ya kabati. Siku ya pili akaikuta inang'aa pande zote. Msasa akasema alikuwa anatafuta mkasi. Akatengeneza nyingine tena, akaificha kwenye debe la unga. Hiyo ikapona, ila jioni ile walizozana kwa sauti ya chini, ile mbaya kuliko ya juu, na Mwalimu akasema neno ambalo hakulipanga. Alisema, "Unajua, huo ukaguzi si wa karakana yako. Ni wa kwangu. Nikirudishwa kuimba na watoto, utakuja kunikwangua sauti?"

Msasa akatoka nje akakaa barazani na dada yake.

Asubuhi ya Alhamisi Mwalimu alipoamka, mumewe alikuwa ameshaamka kabla yake. Amepiga pasi nguo ya mkewe. Amepiga viatu rangi. Na mezani kulikuwa na kopo safi la maziwa ya unga, ndani pamba, juu ya pamba betri, pini, sumaku na ile koili ya kwenye debe la unga, na pembeni koili nyingine mbili alizosuka yeye, za akiba, kwa waya mwembamba ule ule, nadhifu utadhani vipuli vya bibi harusi.

"Kama moja itapinda njiani," akasema. Hakumtazama usoni.

Mwalimu akalainika. Alimshika bega. Akafunga kopo bila kuangalia zaidi, maana saa ilikuwa imekwenda, na maana mtu akikuomba radhi kwa namna ile huanzi kumpekua.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, miwani imefungwa kamba shingoni. Alikaa nyuma kabisa kwenye dawati la watoto, magoti yakagonga juu. Mwalimu mkuu akasimama mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje. Mwalimu akaanza vizuri. Akaeleza sumaku, akaeleza umeme kwenye waya, akawaambia watoto wasogee mbele wazunguke meza. Akapachika koili kwenye pini. Akaigusa.

Ikaruka, ikarudi, ikaruka, ikarudi, ikatulia.

Alijua papo hapo. Akaichomoa, akaipeleka dirishani, na shaba ikamng'alia pande zote, laini, safi, imefutwa kwa kitambaa. Akachukua ya pili. Inang'aa. Ya tatu. Hiyo ilikuwa inang'aa kuliko zote.

Mwalimu akazifumbata zile koili kiganjani. Kichwani alikuwa tayari yuko nyumbani, anasema mambo ambayo hayafai kuandikwa. Wembe alikuwa nao mkobani, lakini wembe unaondoa vanishi, haurudishi. Waya mwingine hakuwa nao. Nyuma ya darasa dawati likalia. Mkaguzi alikuwa anabadilisha magoti.

"Mwalimu, imeharibika?" mtoto mmoja akauliza.

"Haikuharibika," Mwalimu akasema, na sauti yake ilitoka kavu hata yeye akaisikia. "Imetengenezwa mno."

Watoto wakacheka. Hakuwa amekusudia kuwachekesha. Lakini alipoona wanacheka na bado wamezunguka meza, akajiambia, basi, hata kama nitarudishwa kuimba, leo hawa hawatoki humu na mshale wa ubaoni. Akaipachika tena.

"Angalieni. Inafanya nini?"

"Inaenda halafu inarudi."

"Nani amewahi kumsukuma mdogo wake kwenye bembea?"

Karibu wote. Akawauliza, ukimsukuma wakati anarudi kwako, kinatokea nini. Mmoja akasema anasimama. Mwingine akasema anaanguka na mama anakuchapa wewe. Kwa hiyo umeme ufanywe nini? Wakabishana. Kijana mmoja mwenye kichwa kikubwa akasema uzimwe na kuwashwa. Nani azime na kuwasha, kwa kasi ile? Mwalimu akawaonyesha ncha ya waya, akawaeleza ile vanishi na kazi yake, na jinsi ilivyokwanguliwa yote wakati upande mmoja ulitakiwa ubaki.

"Sasa tufunike upande mmoja," akasema. "Kwa kitu gani? Nataka mawazo."

Wakaleta mawazo. Utepe wa gundi: mnene mno, koili ikagoma kabisa. Mafuta ya kupaka: yakateleza. Mate ya mtu mmoja, wakamzomea. Mwalimu mkuu pale mlangoni akaanza kukohoa kile kikohozi chake cha kusema muda umekwisha.

Msichana wa mbele, ambaye muda wote mikono yake ilikuwa chini ya meza, akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, nikisema sitaadhibiwa?"

"Sema."

"Nisiadhibiwe na Mwalimu Mkuu pia."

Mwalimu akageuka kumtazama mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu akamtazama mkaguzi. Mkaguzi akasema toka nyuma, "Hataadhibiwa."

Msichana akatoa mikono. Kucha kumi nyekundu. Akaingiza mkono kwenye mkoba wake wa madaftari akatoa kichupa cha rangi ya kucha.

"Hii inakauka haraka," akasema. "Ikikauka haitoki mpaka uitoe na dawa yake."

"Paka wewe," Mwalimu akamwambia. "Fundi wa hii ni wewe."

Alimshikia koili ikiwa imesimama wima, msichana akapaka upande wa juu wa ncha moja, mstari mmoja, kwa utulivu wa mtu aliyezoea. Watoto wote wakapuliza. Walipuliza mpaka makaratasi yakaruka mezani na mwingine akapata kizunguzungu. Mwalimu akaipachika. Hakuomba dua. Hasira haikumwachia nafasi ya dua. Akaigusa.

Ikasita mara moja, halafu ikaenda, nyekundu na shaba, nyekundu na shaba, mpaka rangi zikachanganyika usizione. Watoto hawakupiga makofi. Waliinama wote kwa pamoja, na Mwalimu alilazimika kuwasukuma vichwa ili na yeye aone.

Darasa lilipotoka, mkaguzi akaja mbele. Akaichukua koili, akaitazama ile rangi kwa miwani, kisha bila miwani.

"Mwalimu, hili kosa ulilipanga? Maana kuna walimu hupanga kosa makusudi, watoto walitafute. Ni mbinu nzuri sana."

Njia ya kujiokoa ilikuwa wazi kabisa. Ndiyo moja tu, na mambo yamekwisha. Mwalimu mkuu alikuwa anamtolea macho aseme ndiyo. Lakini Mwalimu alikuwa amevumilia wiki nzima, na alipofungua mdomo kilichotoka ni ukweli, kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu.

"Hapana, mama. Ni mume wangu. Ni fundi. Kila nikitengeneza, ananitengenezea."

Mkaguzi akaweka koili chini taratibu.

"Wa kwangu hufunga vifuniko," akasema. "Chupa ya maji, dawa, kila kitu. Anakaza kwa upendo. Juzi nimeomba polisi wa barabarani anifungulie maji." Akavaa miwani yake. "Endelea na darasa lako, Mwalimu. Ni lako. Ila wiki ijayo kila mtoto atengeneze ya kwake. Wewe peke yako ukigusa haitoshi."

Jioni Msasa alikuwa karakanani, ameinamia pampu.

"Vipi, ilizunguka?" akauliza.

"Ilizunguka."

"Si nilikwambia? Ncha safi."

Mwalimu akavuta kigoda akakaa. Akamsimulia mwanzo mpaka mwisho, bila kupandisha sauti, na kadiri alivyosimulia mkono wa Msasa ulizidi kupungua kasi hadi ukasimama. Alipofika kwenye kichupa, Msasa akainua kidole.

"Subiri. Rangi ya kucha?"

"Rangi ya kucha."

"Kwenye koili niliyoisuka mimi."

"Nyekundu."

"Na mkaguzi akaiona?"

"Aliishika."

Msasa akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Uso wake ulikuwa umeanguka kweli, na Mwalimu akadhani sasa ataomba radhi, akajiandaa kusamehe.

"Kumbe ungenipigia simu," Msasa akasema. "Ningekuja na vanishi. Sasa watu watasema ndiyo kazi yangu ile."

Mwalimu akafumba macho, akayafumbua. Mume alikuwa bado yupo pale pale.

"Nimepewa somo," akasema. "Ni langu."

"Najua. Nilikuwa najua tu utapewa." Na hilo alilisema kwa moyo wote, akatabasamu mpaka fizi, ndiyo shida yake, huwezi hata kumkasirikia ukamaliza. "Sasa unahitaji nini?"

"Waya. Mwembamba, wa kutosha darasa zima. Vipande visivyoguswa."

Msasa akainuka kwa furaha, akakata vipande, akavipanga kwenye benchi vyote urefu mmoja. Alipokata cha mwisho, mkono wake wa kushoto ulikuwa tayari unatafuta kitu kwenye rafu. Mwalimu akakumba vile vipande vyote kwa mikono miwili, akavitia kwenye mkoba, akatoka bila kuaga, akapita nyumbani kwake pasipo kuingia, mpaka shuleni. Geti lilikuwa limefungwa. Mlinzi akatoka na sahani mkononi, akamwuliza kuna nini cha haraka hivyo ambacho hakiwezi kungoja kesho.

"Nifungulie tu niweke hivi kabatini, kaka," Mwalimu akasema. "Nina mume."